Ndege Hawana Likizo

Wifi yangu Hellena ana kasoro moja: akishaamua jambo, hakuna wa kumtoa. Mimi Luciana nimeolewa na kaka yake, Oswaldi, huu mwaka wa thelathini na nne, na katika miaka yote hiyo sijamshinda hata mara moja. Akisema mboga imezidi chumvi, imezidi, hata kama chumvi yenyewe imekwisha tangu jana. Kwa hiyo mwaka jana, mwishoni mwa mwezi wa tano, aliposhuka kwenye bodaboda na maboksi matatu ya vitabu akatangaza kwamba anaanzisha kambi ya likizo kwa watoto wa hapa kijijini, sikubisha. Nilimsaidia kushusha maboksi, nikajisemea moyoni, haya, tumekwisha.

Hellena ni mjane, watoto wake wameshajitegemea. Anapika kwa masista mjini Sumbawanga na amepanga chumba mtaa wa Mazwi. Majirani zake wengi pale ni watu wa maofisini, na kila likizo ya Juni alikuwa akiwaona watoto wao wanapitiwa na gari asubuhi kwenda kambi. Huko wanachora, wanafundishwa kompyuta, wanacheza michezo ya kuchangamsha akili, jioni wanarudishwa na kofia za karatasi kichwani. Zile kofia ndizo zilizomkereketa. Akija kutusalimia Jumapili, habari ni hiyo hiyo mpaka chai inapoa. Wa mjini wanakwenda kambi, anasema, na wetu je? Likizo yao ni ulezi. Basi masista walipofungua stoo yao wakakuta vitabu vya hadithi na ramani za ukutani hazina wa kuzitumia, wakampa yeye, na ruhusa ya wiki tatu juu yake.

Sasa, kwa asiyeijua Ufipa, mwezi wa sita huku ni baridi ya kupasua midomo, na ndio mwezi wa kuvuna. Mahindi yamekauka, ulezi umeiva, na ulezi ukiiva ndege wanapata habari kabla ya mwenye shamba. Wanashuka makundi kwa makundi. Watu wazima wako kwenye mahindi, kwa hiyo anayekaa na ulezi ni mtoto. Anapewa debe bovu na kombeo, anaondoka alfajiri, anapiga debe na kupiga kelele mpaka jua lizame na sauti imekauka. Sote tumepita hapo. Kalenda ya serikali inasema watoto wamefunga shule wapumzike, na wazazi wanasema afadhali, mikono imerudi nyumbani.

Hellena alizaliwa hapa hapa, hayo yote anayajua kuliko kusali Baba Yetu. Lakini mji unasahaulisha, jamani. Akaona neno likizo kwenye kalenda, akaona watoto wa Mazwi na kofia zao, akapanga kambi yake ianze Jumatatu ile ile ambayo nusu ya kijiji ilikuwa inaingia kwenye ulezi.

Mwalimu mkuu wetu anaitwa Timoth. Si mtu mbaya, ila ni mtu wa kuhesabu vichwa. Alimpa Hellena darasa la mwisho, lile jipya, kwa sharti moja. Chama cha wakulima walikuwa wanaliomba darasa hilo hilo waweke magunia ya mahindi, maana ghala lao lilikwisha kujaa. Akamwambia, mama, Ijumaa nakuja kuhesabu. Nikikuta watoto thelathini, darasa ni lako mpaka likizo iishe. Wakipungua, Ijumaa hiyo hiyo ufunguo unakwenda kwa watu wa mahindi. Hellena akasema thelathini wachache, labda wakose pa kukaa.

Jumatatu walikuja kumi na mmoja.

Na katika hao kumi na mmoja, tisa ni watoto wa watumishi. Wa nesi, wa mwenye duka, wawili wa mwalimu mkuu mwenyewe, wote na sweta na viatu, na mmoja kabeba chupa ya chai. Hellena aliwaangalia mmoja mmoja. Hawa hata yeye asingezaliwa wangesoma tu. Aliowafuata, wale wa kula uji wa shule kwa sababu nyumbani hakuna, walikuwa wawili tu. Mwalimu wake wa kambi alikuwa tayari amesimama mbele na chaki, kijana Edwin, mtoto wa jirani yetu, aliyemaliza chuo cha ualimu miaka miwili iliyopita na mpaka leo anasubiri ajira. Alikuwa amefua shati lake jeupe kwa ajili ya siku hiyo. Nilimwonea huruma.

Mchana wifi akaja kwetu kuwataka wajukuu zangu wanne. Ni watoto wa mwanetu Adriano, ambaye yuko Kabwe, ziwani, kwenye biashara ya samaki wa migebuka, katuachia sisi kuwalea. Oswaldi alikuwa anapukuchua mahindi. Hakuinua hata macho.

"Ndege hawana likizo, Hellena," alisema.

Mume wangu ni mtu wa maneno machache, na machache yenyewe hayarudii. Nikadhani mambo yameishia hapo. Wifi akanigeukia mimi, akaniuliza kwa upole ambao ningeushtukia kama ningekuwa na akili, eti sisi mabibi asubuhi tunafanya kazi gani. Nikamjibu ukweli, tunaota jua. Baridi ya Juni unafikiri tutafanya nini? Tunakaa ukutani kwa Coleta, jirani yangu, tunaota jua na kusema watu. Akatikisa kichwa kama padri anayesikiliza maungamo. Kisha akasema jua la shambani ni lile lile, na watu wa kuwasema wanaonekana vizuri zaidi kutoka kule.

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Kesho yake alfajiri, mimi, mwenye magoti mabovu, nilikuwa katikati ya ulezi wa mume wangu na debe mkononi. Shamba la pili Coleta. La tatu bibi wa mtoto mmoja wa shule, Mathias, bibi ambaye haoni vizuri na alikuwa anafukuza hata vivuli. Kwenye mashamba ambayo hayana bibi, Hellena alikuwa anakimbia mwenyewe kutoka moja hadi jingine, kitenge kiunoni. Masharti aliyoafikiana na wenye mashamba yalikuwa mepesi: sisi tunashika debe kuanzia asubuhi mpaka saa saba, watoto wako darasani, saa saba wanakuja kutupokea. Oswaldi alisikiliza, akasema anataka kuona kwanza. Wajukuu akawaachia.

Nikwambie kitu, nilikuwa sijacheka hivyo miaka mingi. Zile nyimbo za kufukuza ndege, za utotoni, nilidhani zilishaoza, kumbe ziko. Coleta aliimba ule wa kuwatukana ndege na mama zao, tukaitikia shamba kwa shamba. Halafu akajitia ujuzi wa kombeo. Akalizungusha, akalizungusha, jiwe likatoka kwa nyuma badala ya mbele, likapasua ndoo yake mwenyewe ya plastiki. Ndege hawakushtuka hata kidogo. Siku nzima tulikuwa tukimwuliza kama ndege yule wa plastiki alikuwa na nyama.

Jumanne darasani walifika kumi na tisa. Jumatano ishirini na saba. Jenifa, mjukuu wangu mkubwa, akirudi alikuwa hanyamazi. Edwin kawaonyesha kwenye ramani kwamba Ziwa Rukwa liko chini kule na Tanganyika kule, na sisi tuko juu katikati, ndiyo maana upepo hautuachi. Kawatengenezea drafti za vizibo vya soda. Kila mtoto anachagua kitabu chake, anasoma kimya, halafu anawasimulia wenzake. Hakuna viboko, hakuna kukariri. Watoto wa watumishi na wa kwetu wamechanganywa benchi moja, na yule wa chupa ya chai sasa anagawa.

Hellena alikuwa anasikiliza habari hizo jioni, miguu kwenye maji ya moto, akimwomba Jenifa arudie. Mwalimu akasema nini tena? Kitabu chenyewe kina picha gani? Mimi nilikuwa namtania kwamba kambi ni yake na bado anaulizia kwa majirani. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Tangu Jumatatu hakupata hata dakika kumi za kukanyaga darasani.

Bado watatu. Na watatu waliobaki walikuwa kwa Amos.

Amos ni Msukuma, alihamia huku na ng'ombe wake miaka ya nyuma, boma lake liko ng'ambo ya kijito. Ana binti, Minza, na wadogo zake wawili wa kiume, wote wako shule yetu. Kwake tatizo si ndege, ni ng'ombe. Wakati wa mavuno ng'ombe wanataka macho manne, kwa sababu shamba moja limevunwa, la jirani bado, na ng'ombe hajui mpaka. Wakiingia kwenye ulezi wa mtu ni kesi, na kesi za ng'ombe na mashamba huku kwetu hazichezewi. Hellena akaenda Jumatano jioni. Neno lake moja la Kisukuma ni mwangaluka, ambalo ni salamu ya asubuhi, akalitoa hivyo hivyo na jua linazama. Amos akaitikia kwa adabu. Akamwuliza, mama, watoto wakija kwako, nani atachunga?

Wifi akasema, mimi.

Mfipa mwanamke, mpishi wa masista, ambaye ng'ombe amemfahamu zaidi akiwa kwenye sufuria. Nilipomwambia hajui kuchunga, alinijibu kwamba Minza ana miaka kumi na moja na anaweza, yeye ana hamsini na tano. Maji ameshayavulia nguo, atayaoga. Amos naye alicheka mpaka akafuta macho, akakubali. Mashamba yasiyo na bibi, yale aliyokuwa anayakimbilia, tukagawana sisi mabibi.

Kwa hiyo Alhamisi darasani walikuwa thelathini kamili. Edwin alihesabu mara mbili. Kama Mwalimu Timoth angekuja siku hiyo, hadithi yangu ingekuwa fupi.

Hapa lazima niseme jambo ambalo sijivunii. Saa nne hivi, ndege walikuwa wametulia, na mimi nikaona niende kwa Coleta mara moja. Alikuwa na habari ya harusi moja ya Namanyere iliyovunjika bibi harusi akiwa tayari kwenye gari. Habari kama hiyo inakatwaje katikati? Niliporudi, nilikuta ng'ombe kumi na nne ndani ya ulezi wa mume wangu, wanakula kwa nafasi, bila haraka. Hellena haonekani. Nilipiga debe kama mwendawazimu. Watu wakaja, Oswaldi akaja, Hellena akatokea upande wa shule anakimbia, kitenge kimefunguka. Tulipowatoa, kona nzima ya chini ilikuwa imelala.

Oswaldi aliniuliza nilikuwa wapi. Nikasema tumbo. Hellena alinitazama, alijua wazi ninadanganya, maana sauti yangu ya kicheko ilikuwa inasikika mpaka kijitoni. Akanifichia, akainama kufunga kitenge.

Mume wangu hakupiga kelele. Alikwenda moja kwa moja darasani, akawatoa wajukuu zetu wanne mbele ya Edwin. Jenifa alitoka na kitabu mkononi, akarudishwa kukiacha. Amos naye, aliposikia ng'ombe wake wameingia shambani, aliogopa kupelekwa kwa mwenyekiti wa kijiji, akaja kuwachukua watoto wake wote watatu na kuomba radhi, kofia mkononi. Thelathini wakawa ishirini na tatu. Kesho yake ni Ijumaa.

Jioni tulikuwa jikoni, mimi nasonga ugali, Oswaldi amekaa karibu na moto. Hellena akaingia. Hakukaa. Alisema amekuja kusema kwamba Amos hana kosa, ng'ombe walikuwa mikononi mwake yeye, na kama ni kulipa, atavuna shamba lote la ulezi kwa mikono yake. Oswaldi akamwuliza swali moja tu, alikuwa wapi ng'ombe walipoingia.

"Dirishani," Hellena alisema.

Oswaldi akauliza, dirisha gani?

"La darasa. Nilisema nisimame kidogo tu. Yule Minza alikuwa anasoma, kitabu cha sungura aliyechimba kisima. Nikataka kujua kama maji yalipatikana. Nikasahau ng'ombe, kaka. Nilisahau kila kitu."

Akaanza kulia. Wifi yangu, ambaye hata siku ya kumzika mumewe alikuwa anaelekeza watu sahani ziwekwe wapi. Nikaacha mwiko. Nikasema, tena kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, kwamba tumbo halikuwa linauma, nilikuwa kwa Coleta nasikiliza habari za harusi. Oswaldi hata hakunigeukia. Alikuwa anamtazama dada yake.

Katika nyumba hii, tangu niolewe, niliambiwa kwamba Hellena aliacha shule darasa la tatu kwa kuwa hakuipenda. Mama mkwe alisema hivyo, watu wote walisema hivyo, na yeye mwenyewe alicheka likisemwa. Barua anasoma, ila polepole, kidole kikifuata mstari, na akiona unamwangalia anasema miwani kaisahau. Oswaldi yeye alimaliza la saba, akawa karani wa kanisa, mpaka leo watu wanamletea fomu zao awajazie. Mimi sikuwahi kuunganisha mambo hayo mawili. Usiku ule Oswaldi hakula. Alisema tu ugali ufunikwe.

Ijumaa asubuhi niliamka nikakuta hayupo kitandani. Debe halikuwepo ukutani. Jenifa akaniambia babu kawaamsha, kawaambia waoge, waende shule, na yeye kapita njia ya kijitoni. Nikajifunga kanga mbili kwa baridi ile, nikamfuata. Nilimkuta kwa Amos. Wazee wawili wamesimama zizini, wanaongea taratibu. Kumbe alikwenda kumwambia ile kona ya ulezi ameisamehe, na watoto waende darasani. Amos akasema leo ng'ombe atachunga mwenyewe. Akatukabidhi kibuyu cha maziwa, Minza akatangulia mbio na wadogo zake, huku anafunga vifungo vya sweta.

Hellena tulimkuta shambani kwetu. Alikuwa amefika kabla ya ndege, mundu mkononi, ameshaanza kukata ulezi uliolazwa na ng'ombe ili usioze. Oswaldi akasimama mbele yake na lile debe bovu.

"Hellena, mimi nilisoma mpaka la saba. Miaka ile ndege alikuwa anafukuza nani?"

Hellena akatazama chini. Alisema, "Mimi, kaka."

"Basi leo nafukuza mimi. Nenda."

Akasema atakwenda akimaliza kukata. Oswaldi akamnyang'anya mundu. Akasema atakwenda mchana basi. Oswaldi akaanza kupiga debe pale pale puani kwake, mtu mzima wa miaka hamsini na nane, karani mstaafu wa kanisa, akaimba ule wimbo wa Coleta wa matusi, wote, bila kuruka neno. Sikujua kama anaujua. Ilibidi Hellena aondoke, kwa sababu hapakusikilizana tena.

Nilimsindikiza, maana nilitaka kuona mwisho wake, na pia goti langu lilikataa debe siku hiyo. Njiani akawa anakung'uta majani ya ulezi kwenye kitenge. Mlangoni pa darasa akavua ndala, mimi nikamwambia hapa si msikitini, akazivaa tena. Watoto walikuwa wameshakaa, Edwin na shati lake jeupe, Jenifa na kitabu chake kile kile. Hellena akapita nyuma kabisa, akakaa benchi moja na Minza, magoti yamegusa meza. Minza akamsogezea kitabu kati yao wote wawili.

Mwalimu Timoth aliingia saa tatu kamili. Nje, watu wawili wa chama cha wakulima walikuwa wanasubiri na mkokoteni, gunia la kwanza liko juu. Akahesabu kwa kidole, benchi kwa benchi, midomo ikienda. Alipofika nyuma, kidole kikasita juu ya wifi yangu. Darasa zima likageuka.

"Mimi usinihesabu, mwalimu," Hellena alisema. "Thelathini wako hapo bila mimi. Mimi nimekuja kusoma."

Akainama juu ya kitabu, akaweka kidole chini ya neno la kwanza, na hakusema kasahau miwani.